Ndevu za Mzee Biskuti

Siku ya kwanza baada ya kustaafu, Mzee Biskuti aliamka saa kumi na moja alfajiri kama alivyozoea. Akaenda bafuni, akalowesha kidevu, akashika wembe, halafu akasita. Alijitazama kwenye kioo kwa muda. Kisha akaurudisha wembe kwenye kikombe chake, akazima taa, akarudi kitandani.

"Mbona upesi hivyo?" mkewe akamuuliza, macho bado ameyafumba. "Umeshanyoa?"

"Sijanyoa."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Nimeamua tu. Sinyoi tena."

Mkewe akavuta shuka, akageukia ukutani. "Haya. Tutaona utafika siku ya ngapi."

Mzee huyu alikuwa amefanya kazi kiwanda cha biskuti miaka thelathini na mitatu. Alianza kwa kusukuma trei, akapanda ngazi pole pole mpaka akawa msimamizi wa zamu upande wa tanuri. Ndiyo maana mtaa mzima, kuanzia watoto wa chekechea mpaka mkewe akiwa na furaha, ulimwita Mzee Biskuti. Kazi aliipenda, ila ilikuwa na sharti moja: uso mtupu. Kila asubuhi getini alisimama mama mmoja wa idara ya usafi, mwembamba, mkali, tochi mkononi. Aliwapanga wanaume mstari, akawamulika mmoja mmoja na kuwapitishia kiganja kidevuni. Kiganja kikikwaruzwa tu, unageuzwa, unarudi nyumbani, na siku yako imekwenda na maji. Unywele mmoja ndani ya unga, alikuwa akisema, ni kiwanda kizima kufungwa.

Mzee Biskuti hakugeuzwa hata siku moja. Alinyoa siku za kazi, akanyoa siku za mapumziko, akanyoa hata asubuhi ya harusi ya mwanawe wa kwanza ingawa alikuwa amenyoa jioni iliyotangulia.

Lakini wakati yeye anakwangua kidevu, nje ya lile geti wanaume walikuwa wamebadilika. Zamani ndevu zilikuwa za watu wachache tu. Ghafla kila mwanaume ukimwona anazo. Fundi umeme aliyekuja kuwatengenezea swichi ya jikoni alikuwa na ndevu zilizochongwa pembeni kana kwamba zimepigiwa rula. Mfamasia wa pale kona alikuwa nazo fupi, nyeusi tii, zinazong'aa mafuta. Mlinzi wa benki alikuwa nazo za duara. Wanawe wawili, ambao wote walishaoa na kuwa na nyumba zao, wakija kusalimia Jumapili mazungumzo yao yalikuwa hayo hayo: mafuta gani yanalainisha, kitana cha mbao ni bora kuliko cha plastiki, kinyozi gani ana mkono mwepesi. Baba yao alikaa hapo hapo kwenye kochi akiwasikiliza huku anapapasa kidevu chake kama mtu anayetafuta funguo mfukoni.

Hakuwahi kumwambia mtu yeyote, lakini aliwaonea wivu.

Basi ndevu zikaanza kuota. Wiki ya kwanza zilikuwa vijiti tu. Mkewe akakataa katakata kusogelewa.

"Kaa mbali na mimi na hilo brashi lako la kusugulia sufuria," akamwambia.

"Zitalainika, mama watoto. Vuta subira."

"Nimevuta subira miaka thelathini na nane. Imekatika."

Wiki ya pili vijiti vikalala. Wiki ya tatu, asubuhi moja ya jua kali, Mzee Biskuti alitoka uani kunawa uso. Mkewe alikuwa anaanika nguo. Akamtazama. Akamtazama tena. Akaliachia shuka alilokuwa ameshika, likaanguka chini na umajimaji wake.

"Hebu geuka huku," akasema. "Sasa geuka kule. Jamani! Simama hapo hapo!"

Halafu akaanza kucheka. Alicheka akashika kamba, akacheka mpaka akakaa chini karibu na beseni, machozi yanamtoka.

"Nini?" Mzee akauliza. "Nini wewe? Nina nini?"

Mkewe alinyoosha kidole tu kuelekea bafuni.

Mzee akaenda kwenye kioo, akafungua dirisha ili mwanga uingie vizuri. Ndipo alipoona. Ndevu za upande wa kushoto zilikuwa nyeupe kama unga, zote, bila hata unywele mmoja mweusi. Za upande wa kulia zilikuwa nyeusi kama siku aliyobalehe. Hazikuchanganyika. Mpaka ulianzia chini ya pua, ukagawa masharubu, ukapita katikati ya mdomo na kushuka kidevuni wima, kana kwamba kuna mtu amekaa akazichambua moja moja. Kichwani alikuwa na kipara tangu ana miaka arobaini, kwa hiyo hapakuwa na nywele za kumwonya mapema. Na kidevu hicho hakikuwahi kupewa nafasi ya kujieleza.

Akanyoosha mkono kuchukua wembe.

"Usithubutu!" mkewe alikuwa ameshafika mlangoni, anajifuta macho kwa upande wa kanga. "Unataka kufanya nini?"

"Nitoe hili balaa. Si umecheka mpaka umekaa chini?"

"Nimecheka, ndiyo. Kwani kitu kikichekesha kinatupwa? Nenda kwanza kwa mwanetu akazione. Yeye ndiye mwenye kazi yake."

Huyo mwana alikuwa binti wa mdogo wa mkewe, kwa hiyo nyumbani kwao alihesabiwa kama mtoto wa kuzaa. Alikuwa kinyozi, na mtaani walimwita Wembe. Alipofungua duka lake watu walisema nani atampa mwanamke shingo yake, lakini baada ya mwaka mmoja wanaume walikuwa wakikaa foleni kwenye benchi la nje wakigombania zamu. Duka lilikuwa dogo: viti viwili vya kuzunguka, kioo kirefu chenye ufa pembeni, rafu ya chupa za mafuta, na feni iliyolia kama inadai kunyolewa nayo.

Mzee Biskuti aliingia amejifunga skafu mpaka puani, jua linawaka.

"Shikamoo baba mkubwa. Meno?"

"Marahaba. Si meno." Akatazama wateja waliokuwepo, fundi umeme kitini na mwingine anasubiri. Akavuta pumzi, akashusha skafu.

Mashine ikazimwa. Fundi umeme, nusu ya kichwa imenyolewa, akajigeuza na kiti chake.

"Baba mkubwa," Wembe akasema kwa sauti ndogo. "Nani kakupaka?"

"Sijapakwa. Zimeota hivi."

"Zimeota hivi!" Wembe akapiga kelele, akatupa taulo juu, likanasa kwenye feni. "Zimeota hivi zenyewe! Wewe fundi, inuka! Inuka nimesema, nitakumalizia baadaye! Baba mkubwa, kaa hapa. Usiguse kitu. Usipumue!"

Fundi umeme aliinuka bila ubishi, akasimama pembeni na nusu kichwa chake, maana hata yeye alitaka kuona. Wembe alifanya kazi saa nzima. Alipunguza mashavuni, akanyoosha ukingo wa shingo, akachonga kidevu kikachongoka kidogo tu, akausafisha ule mpaka wa katikati mpaka ukawa kama mshono. Alipomaliza alipaka matone mawili ya mafuta, akachana, akarudi nyuma hatua tatu.

Mzee Biskuti akajiona. Aliyekuwa anamtazama kwenye kile kioo chenye ufa hakuwa mzee aliyestaafu. Alikuwa mtu ambaye yeye mwenyewe, angemkuta njiani, angegeuka kumtazama mara ya pili.

"Nikupige picha?" Wembe akaomba.

"Piga," akasema, na akainua kidevu.

Picha ile ilitoka dukani kabla Mzee mwenyewe hajatoka. Fundi umeme aliiomba, akaituma kwa mafundi wenzake, mafundi wakaituma kwa wake zao, wake zao wakaituma kila mahali. Jioni simu ya nyumbani ikaanza kulia. Mwana wa kwanza: "Baba, ni wewe kweli?" Mwana wa pili: "Baba, kwa nini hukutuambia?" Wenzake wa kiwandani nao wakapiga, wakiwa wamesogeana kwenye simu moja, kila mmoja na elimu yake. Mmoja alidai upande wa kushoto ndio uliokuwa ukitazama tanuri miaka yote ile.

"Upande mmoja umeiva, Mzee!" akapiga kelele. "Ule mwingine ulitolewa mapema!"

Jumatatu asubuhi, Wembe alikuta vijana saba wamekaa kwenye benchi kabla hajafungua kufuli. Wa kwanza akakaa kitini, akamwonyesha picha.

"Nataka hii."

"Hii siyo mtindo. Huyu ni baba yangu mkubwa."

"Basi nitie baba yako mkubwa."

Wembe akachanganya rangi nyeupe, akampaka upande wa kushoto, akamsubirisha. Mchana alikuwa ameshafanya hivyo mara nne. Mwisho wa wiki mtindo ulishapata jina, na jina lilikuwa Biskuti. Vijana waliingia wakisema, "Nipige Biskuti," na vinyozi wa mitaa mingine wakaja kuchungulia dirishani wajue inafanywaje. Mfamasia alipiga Biskuti. Mlinzi wa benki alipiga Biskuti, bosi wake akamtaka aioshe, akaiosha, na siku ya pili yake bosi mwenyewe akaonekana amekaa kwenye benchi la Wembe akijifanya anasoma gazeti.

Naye Mzee Biskuti alikuwa anaishi maisha ambayo hakuwahi kuyaota. Miaka thelathini na mitatu alipita njia ile ile kwenda kazini na kurudi, watu wakimsalimia bila kuinua macho. Sasa akienda kununua mkate anatumia saa nzima. Huyu anataka kupiga naye picha, yule anataka kujua anakula nini, mama mmoja akamsimamisha mtoto wake amshike ndevu apate bahati ya mitihani. Alianza kuvaa shati la kola kwenda dukani. Alinunua kitana cha mbao. Akakataa supu, eti inaharibu mpaka.

"Supu inaharibu mpaka?" mkewe akauliza.

"Inalowesha. Zikilowa zinachanganyika."

"Sikiliza, Mzee. Ndevu nimezikubali. Lakini nikianza kupika kwa kuzifuata ndevu, mimi na hizo ndevu mmoja atahama."

Alikula supu. Hata hivyo mkewe naye, alipopita sokoni akasikia wanawake wakinong'ona, "Huyu ndiye mke wa Biskuti," alinyoosha mgongo, akaendelea kuchagua nyanya taratibu ili wammalize kumtazama. Jambo moja tu hakulikubali: kuzigusa. Tangu ile wiki ya vijiti alisema mkono wake hautapita pale, na mkono wake haukupita.

Katikati ya homa hiyo yote, chama cha vinyozi kikatangaza Siku ya Ndevu ya mwaka huo. Ingefanyika Jumamosi mchana kwenye ukumbi wa mikutano, na mshindi angechorwa kwenye bango kubwa pale mtaa wa vinyozi unapoanzia, akae hapo mwaka mzima. Sharti lilikuwa moja: ndevu ziwe za asili, bila rangi. Vijana wa Biskuti wakapiga kelele sana, lakini chama hakikulegea.

Wembe alimwandikisha baba yake mkubwa bila kumuuliza.

"Mimi? Jukwaani?" Mzee alisema. "Mwanangu, mimi nimezoea kusimama mbele ya tanuri."

"Tanuri lilikuwa linakupigia makofi?"

Hakulala vizuri wiki hiyo yote, na si kwa hofu. Alikuwa na furaha inayowasha kama mtoto aliyeshonewa nguo mpya.

Jumamosi ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Washindani walikuwa kumi na wawili. Kulikuwa na mwalimu wa hesabu mwenye ndevu zilizosokotwa, mpishi mwenye ndevu nyekundu za kuzaliwa, na mapacha wawili wachonga mbao ambao ndevu zao zilifanana hata walipojaribu kuzitofautisha. Lakini aliyetisha wote alikuwa muuza mafuta ya ndevu aliyejiita Simba. Mwaka uliopita yeye ndiye aliyeshinda, na bango lililokuwa pale mtaani lilikuwa na uso wake. Ndevu zake zilimfika kifuani, nyeusi, nzito, zinameremeta. Alipopanda jukwaani alizitikisa mara moja tu, na ukumbi ukanguruma.

Mwenyekiti wa majaji alikuwa kinyozi mkongwe kuliko wote, mwenye kidevu laini kama yai. Hakuwahi kuota hata udevu mmoja, na inasemekana ndiyo sababu alikuwa mwadilifu.

Mzee Biskuti aliitwa wa mwisho. Alipanda amevaa suti aliyoagwa nayo kiwandani. Mtu mmoja nyuma akaita, "Biskuti!" Wakaitikia wengine, na muda si mrefu ukumbi mzima ukawa unapiga miguu sakafuni, "Bis-ku-ti! Bis-ku-ti!" Vijana waliokuwa nje madirishani walikuwa wanagonga vyuma. Wanawe wawili walikuwa wamesimama juu ya viti. Wenzake wa kiwandani walikuja na kofia zao za wavu, wakawa wanazirusha hewani. Mzee alisimama pale, mikono haijui ikae wapi, akatabasamu hadi mpaka wa ndevu ukapinda.

Ndipo Simba akainua mkono.

"Mheshimiwa mwenyekiti! Sharti linasema bila rangi. Wote humu tunajua Biskuti inatoka kwenye chupa. Vijana mia wamepakwa mtaa huu huu. Tunaambiwa huyu mzee peke yake ndiye aliyezaliwa nayo? Na anayemhudumia ni mtoto wake! Hizo ni rangi, jamani. Tusidanganyane."

Kelele zikakatika. Mtu mmoja akasema, "Kweli bwana." Mwingine akamwambia anyamaze.

Watu walikuwa wamemcheka Mzee Biskuti maishani, waliwahi kumsahau, waliwahi kumwita mzee wa makombo. Lakini mwongo hakuna aliyewahi kumwita. Akageuka kuelekea ngazi za kushukia.

"Unakwenda wapi?"

Sauti ilikuwa ya mkewe. Alikuwa ameinuka safu ya tatu, amejifunga kanga kiunoni, mkoba wake amemwachia jirani.

"Rudi hapo ulipokuwa, baba watoto. Na wewe kijana wa mafuta, nisikilize. Siku zilipotokea hizo ndevu, mimi ndiye niliyekuwepo. Nilikuwa naanika nguo. Nilicheka mpaka nikakaa chini, shuka langu likaharibika nikalifua upya. Unadhani ningecheka hivyo kama ni mimi niliyenunua rangi? Na huyu mwanaume humjui. Mimi nikimtuma dukani hata chenji anairudisha kabla sijaiuliza. Mnataka kujua kama ni rangi? Leteni maji!"

"Leteni maji!" ukumbi ukaitikia.

Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa. "Ni haki. Sabuni na maji ya moto."

"Na waoshwe wote!" Wembe akapaza sauti kutoka pembeni. "Sharti si la mtu mmoja!"

"Wote!" watu wakarukia. "Wote! Wote!"

Yakaletwa mabeseni, taulo na birika mbili kutoka jiko la ukumbi. Wembe akavuta kiti, akakunja mikono ya shati, lakini mama yake mkubwa alikuwa ameshapanda jukwaani.

"Wewe ni mtoto wake, watasema umefanya ujanja. Nitamwosha mimi, wao wasimame hapa karibu waangalie mikono yangu."

Majaji watatu wakaja wakamzunguka. Mzee akakaa, akainamisha uso juu ya beseni jeupe. Mkewe akammwagia maji taratibu kutoka kwenye kikombe, akapaka sabuni, akaingiza vidole.

"Kumbe laini," akasema, kwa sauti ya kumfikia yeye tu.

"Nilikuambia zitalainika."

"Nyamaza, sabuni itakuingia mdomoni."

Alisugua upande mweusi, akasugua upande mweupe, akasugua katikati. Akasugua zaidi ya ilivyohitajika. Majaji waliinama juu ya beseni mpaka vichwa vikagongana. Povu lilikuwa jeupe. Maji ya kwanza yalitoka safi. Akamwaga mengine, safi. Akaomba ya tatu, naye mwenyekiti mwenyewe akachukua kitambaa cheupe, akafuta upande mweusi kwa nguvu, akakiinua juu ukumbi mzima ukione. Kitambaa kilikuwa cheupe vile vile.

Mzee akainua uso, maji yanamchuruzika kwenye kola. Kushoto nyeupe, kulia nyeusi.

Kelele zilizopigwa hapo ziliwatoa watu kwenye maduka ya jirani. Wanawe walikuwa wanakumbatiana na watu wasiowajua. Mapacha wa kuchonga mbao walimbeba Wembe begani. Mkewe alisimama na mikono yake yenye povu, anacheka kama alivyocheka siku ile ya shuka.

Kisha wakaoshwa wengine. Mwalimu, safi. Mpishi, safi, wekundu wake ukabaki palepale. Mapacha, safi wote wawili. Ikabaki zamu ya Simba, naye alikuwa amesogea mpaka kwenye pazia la nyuma.

"Mimi nina mafua," akasema.

Walimkalisha. Maji ya kwanza tu yalipopita, beseni likawa jeusi kama kahawa. La pili likawa jeusi. Rangi ikamshukia kwenye shati lake jeupe la bei, ikachora mito mpaka kwenye mkanda. Na zile ndevu nzito zilipoanza kutoka chini ya weusi wake, zilikuwa na mvi. Nyingi, za fedha, zimetapakaa kila mahali. Ukumbi uliangua kicheko. Simba alijifunika uso mzima kwa taulo, na mabega yake yakawa yanatetemeka.

Mzee Biskuti aliinuka. Watu wakadhani anakwenda kumjibu. Alivuta kiti, akakaa karibu naye.

"Una miaka mingapi, mwanangu?"

"Arobaini na moja," sauti ikatoka ndani ya taulo. "Zilianza kunitoka nikiwa na thelathini. Nani atanunua mafuta kwa mtu mwenye mvi?"

"Mimi siku nilipoziona zangu nilishika wembe. Mke wangu ndiye aliyenizuia. Hebu zifute tuzione."

Simba akashusha taulo, akazifuta, Mzee akatoa kitana chake cha mbao mfukoni na kumchania yeye mwenyewe. Zilipokaa sawa, zikashika mwanga wa dirishani. Kutoka safu ya mbele mwanamke mmoja akasema bila kujizuia, "Lo! Mbona ndiyo kapendeza!" Ukumbi ukacheka tena, ila safari hii kicheko kilikuwa cha namna nyingine, na Simba mwenyewe akacheka.

Hakuna aliyeshangaa majaji waliposema jina la mshindi. Mzee Biskuti alibebwa kutoka jukwaani mpaka mlangoni, suti imelowa, viatu kimoja kipo kimoja hakipo, na kile kilichopotea hakikuonekana tena.

Wiki mbili baadaye bango likasimamishwa. Mchoraji alifanya kazi nzuri: kipara kinang'aa, macho yanacheka, ndevu zimechanwa. Mzee na mkewe walikwenda kuliona mchana, wakasimama chini yake wameshikana mikono.

"Mbona kama kuna kitu?" mkewe akasema. "Hebu geuka."

Mzee akageuka kulitazama bango, akageuka kumtazama mkewe.

"Nyeupe iko upande wangu wa kulia," akasema. "Amenichora kinyume!"

Mchoraji alikuwa juu ya ngazi anamalizia herufi. Akaitoa picha aliyoifuata, iliyopigwa na Mzee mwenyewe kwa simu ya mwanawe, yenye kugeuza upande kama kioo. Akaanza kuomba radhi na kutafuta kopo la rangi nyeupe. Lakini hata hajashuka, vijana watatu walikuwa wamefika, wameinua vichwa.

"Umeona?" mmoja akawaambia wenzake. "Sasa ni kulia. Ya kushoto imepitwa na wakati. Twende kwa Wembe tukabadilishe."

"Nyie!" Mzee Biskuti akawaita. "Nyie, si kulia! Ni kushoto! Si mnaniona mimi hapa?"

Walimtazama kwa heshima zote, wakatazama bango, wakamtazama tena.

"Shikamoo Mzee," yule wa kwanza akasema. "Ila bango ndilo jipya."

Wakaondoka mbio kuwahi foleni. Mkewe akamwambia mchoraji aache kama lilivyo, akaukamata mkono wa mumewe na kuanza kumvuta kuelekea nyumbani, huku anacheka, na mkono wake mwingine ukaenda wenyewe mpaka kwenye kidevu cha Mzee, ukakaa hapo njia nzima.